Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka 17. Maisha yake yaliishia pale?

Shangazi, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tatu nikaifuta. Leo naandika usiku, watu wote wamelala, na nikimaliza naituma kabla sijaghairi.

Nina miaka 32, nimeolewa, nina watoto wawili. Tunaishi na mama yangu pamoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 25. Baba alishafariki. Huyu mdogo wangu alikuwa mtu wa hesabu. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya dada. Walimu wenyewe walikuwa wakimwita ubaoni awaelekeze wenzake. Alipotimiza miaka 16 akaanza kujitenga. Halali, haogi, anaziba dirisha la chumba chake kwa karatasi za daftari. Tukasema ni ujeuri wa ujana. Baba alimgombeza hadi akachoka. Zaidi ya mwaka mzima tulihangaika hivyo, mpaka siku alipoinuka katikati ya mtihani akatoka, akidai msimamizi anasoma mawazo yake kwa sauti ili darasa zima lisikie. Ndipo tukampeleka hospitali. Wakatuambia ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo ya kweli.

Tangu hapo amelazwa mara tatu. Mara ya mwisho ni miaka miwili iliyopita, alipoacha dawa kimyakimya. Tulikuja kuzikuta ndani ya soksi. Sasa dawa nazishika mimi. Kila jioni namhesabia, namtazama akimeza, kisha namwambia afungue kinywa. Mama anamfulia nguo na ndiye anayemwambia saa ya kuoga. Ufunguo wa nyumba hana, tunaogopa atatoka usiku. Kliniki namsindikiza mimi, na daktari akiuliza swali najibu mimi, maana yeye huchukua muda mrefu kuanza kusema na foleni nje ni ndefu. Sauti hazimsumbui sana siku hizi. Lakini amenenepa, anavuta sigara mfululizo, na anashinda kitandani.

Wenzake wamemaliza vyuo, wawili wameshaoa. Mmoja alipita kumsalimia, naye akajifungia chumbani mpaka mgeni akaondoka. Mwezi uliopita aliniomba nimsaidie kujiandikisha arudie mtihani wa hesabu, somo hilo moja tu, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama akakataa. Alisema masomo ndiyo yaliyomharibu, atulie. Mimi nikanyamaza. Jioni ile nilipompa dawa akaniambia: "Dada, mimi nilikufa nikiwa na miaka 17. Ninyi mnanizika kidogo kidogo tu." Akameza, akafungua kinywa nikague, akaenda kulala.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Alipolazwa mara ya kwanza, daktari mmoja alituambia tuzoee: ugonjwa huu ukimwingia kijana haumwachi, na mambo ya kazi na ndoa tusahau. Mume wangu ni mtu mwema, lakini juzi ameniuliza tutaishi hivi mpaka lini. Mama ana miaka 68. Naomba uniambie ukweli, Shangazi, usinifariji kwa maneno matamu. Maisha yake yatakuwaje? Tungemwahisha hospitali, leo angekuwa mtu mwingine? Na wanangu je, wamo hatarini?

Dada Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Liko jambo moja haliwezi kungoja, kwa hiyo nalitanguliza. Yale maneno ya kufa na kuzikwa, usiyapite. Mtafute mdogo wako leo, mkae mahali penye utulivu, umuulize waziwazi kama huwa anafikiria kujiua. Tumia neno hilohilo, usizunguke. Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli, mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi, kwa kuwa amepata wa kumwambia. Yawezekana alikuwa anaeleza huzuni yake tu. Lakini kati ya wagonjwa 100 wa skizofrenia, kama 5 hufa kwa kujiua, na miaka ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Anayestahili kuangaliwa kwa makini ni yule kijana mwerevu, aliyekuwa na matumaini makubwa, ambaye sauti zimepungua na sasa anaona vizuri kabisa alichopoteza. Umenieleza mtu huyohuyo. Akikujibu ndiyo, na hasa akiwa na mpango, msimwache peke yake, dawa zote ziwe mbali naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Tarehe ya kliniki isingojwe.

Sasa nije kwenye ile hukumu ya daktari.

Kabla ya kushika safu hii nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, na hukumu hiyo nimewahi kuitamka kwa kinywa changu. Mama mmoja alinisimamisha kwenye korido, ameshika viatu vya mwanawe mkononi kwa sababu wodini haviruhusiwi vyenye kamba. Akaniuliza kama kijana atarudi shule. Nikamwambia, mama, shukuru akiweza kujivisha mwenyewe. Sikusema kwa ukatili. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini. Baada ya miaka kama tisa nikamwona kijana yule dirishani akichukua dawa, mikono imejaa rangi ya kupakia kuta, ana haraka arudi kazini asije akakatwa siku. Aliniambia sauti bado humjia siku nyingine, lakini anazifahamu, hazimwamrishi tena. Mama yake sikumwona tena nikamwomba radhi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hukumu ile ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, aliukusanya ugonjwa huu pamoja na dalili zake akauita kwa Kilatini jina lenye maana ya kupotewa na akili mapema. Aliowaona wengi walizidi kudhoofu, naye akaamini kwamba kudhoofu ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Wazo hilo likaingia vitabuni, likarithiwa na madaktari kizazi baada ya kizazi. Na lina kitu kinacholilisha kila siku: daktari wa hospitali huwaona wanaorudi. Aliyepata nafuu akaenda zake haji wodini kuripoti kwamba ameoa. Ukikaa miaka 20 katika chumba ambamo wanaingia waliozidiwa tu, utaapa kwamba hakuna anayepona.

Ilibidi watu watoke wakawatafute wagonjwa huko walikokwenda. Katika jimbo la Vermont, Marekani, kundi la wagonjwa wa muda mrefu, wale wa wodi za nyuma waliokwisha kukatiwa tamaa, waliruhusiwa kutoka hospitali miaka ya 1950 wakiwa na mpango wa kuwasaidia kuishi na kufanya kazi mitaani. Mtafiti Courtenay Harding na wenzake wakawafuatilia, mmoja mmoja, na mwaka 1987 wakatoa matokeo ya wastani wa miaka 32. Kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Wodi za nyuma, mwanangu! Mwaka 2001 ukatolewa uchunguzi mwingine, wa Shirika la Afya Duniani, uliowafuatilia wagonjwa wa nchi mbalimbali kwa miaka 15 na 25, nao ukakuta karibu nusu wana hali nzuri.

Umeniambia nisikufariji, basi nikupe na upande wa pili. Nusu si wote. Wapo wanaobaki na dalili nzito maisha yao yote na wanahitaji mtu wa karibu daima. Na hao waliohesabiwa kuwa wamepata nafuu, wengi wao wana miaka iliyopotea ambayo hakuna wa kuwarudishia. Wanaume wenye ugonjwa huu huoa kwa uchache kuliko wanawake wenye ugonjwa huohuo wanavyoolewa, sababu moja ikiwa ni kwamba wanaume huupata wakiwa wadogo zaidi. Ni mlango gani utakaofunguka kwa mdogo wako, mimi sijui na daktari yule hakujua. Ila kufa akiwa na miaka 17, hapana. Ana miaka 25, amelazwa mara tatu, sauti zimetulia, na mwezi uliopita ameomba kufanya mtihani. Mtu wa namna hiyo mimi namhesabu miongoni mwa wenye matumaini.

Hapo kwenye umri ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu naona ndipo penye jibu lako. Magonjwa ya akili kwa jumla huanza mapema mno. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliounganisha tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliougua walianza kabla ya miaka 18, na zaidi ya 6 kati ya 10 kabla ya miaka 25. Sasa mfikirie mtu anayeugua akiwa na miaka 45. Akitoka wodini anakuta kazi ya kuirudia, watoto wanaomwita baba, marafiki wanaomkumbuka alivyokuwa. Kijana wa miaka 17 anatoka hana cheti, hana mshahara aliowahi kuupokea, hajawahi kupenda na kupendwa. Ugonjwa unaweza kutulia kabisa na bado akabaki bila pa kurudi. Huko North Carolina, Marekani, walifuatilia watoto 1,420 hadi utu uzimani, na humo walikuwamo wenye wasiwasi, sonona na matatizo ya tabia. Kati ya waliougua utotoni, karibu 6 kwa 10 walikwama ukubwani katika jambo zito la afya, sheria, fedha au mahusiano; kwa wenzao wazima ilikuwa 2 kwa 10. Na walikwama hata pale ugonjwa wenyewe ulipokuwa umeshaondoka. (Wazazi mnaosoma hapa mkijipa moyo kwamba wenu ni huzuni ya kupita tu, lisomeni hilo mara ya pili.)

Kwa hiyo mdogo wako ana vita viwili. Cha kwanza ni ugonjwa, na hicho mmekipigana vizuri. Cha pili ni ngazi zilizokatika: shule, rafiki, pesa yake ya mfukoni, uamuzi wake. Katika hicho cha pili, mwanangu, nyumba yenu inamshikilia chini. Nalisema nikijua ni mapenzi matupu. Hana ufunguo, haogi mpaka aambiwe, hasemi na daktari wake, kila jioni anafunuliwa kinywa kama mtoto wa miaka mitatu, na alipoinua mkono kuomba kitu kimoja, somo analolipenda, akaambiwa atulie. Halafu akakwambia mnamzika. Mimi naona alikuwa anaeleza mambo kama anavyoyaona.

Miaka ya 1950 London, mtafiti George Brown aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili. Alishangaa kukuta waliorudi kwa mama zao au wake zao walizidiwa tena kuliko waliopanga vyumba kwa watu baki. Katika miaka iliyofuata yeye na wenzake wakatambua sababu: nyumba zenye lawama nyingi, zenye chuki, na zile ambazo ndugu amejiingiza kupita kiasi katika kila kitu cha mgonjwa. Usinielewe vibaya, familia haileti skizofrenia. Lakini ugonjwa ukishakuwapo, lawama na kubanwa huuchochea, na familia zikifundishwa namna ya kuishi na mgonjwa, kurudi wodini hupungua.

Dawa msizipuuze katika haya. Uchunguzi mmoja wa vijana waliougua mara ya kwanza, uliotolewa mwaka 1999, ulikuta kuacha dawa huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi karibu mara 5. Zile soksi mmeziona wenyewe. Lakini kukagua kinywa si njia pekee. Zipo sindano zinazodumu wiki kadhaa hadi mwezi au zaidi. Muulizeni daktari, huku mdogo wako akiwamo katika mazungumzo, kama zinamfaa. Sindano moja ikiondoa ukaguzi wa kila jioni, utakuwa umerudi kuwa dada yake. Na muulize kwa nini aliacha. Je, zilimlaza? Zilimnenepesha? Zilimwondolea nguvu za kiume, jambo ambalo hawezi kumweleza dada yake mbele ya daktari? Vijana wengi huacha kwa sababu ambazo hakuna aliyewauliza, wakati dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa kwa utaratibu.

Mtihani, mwacheni afanye. Masomo hayakumletea ugonjwa huu. Ulimkuta darasani kwa sababu huo ndio umri wake. Imani ya zamani ilikuwa mgonjwa apone kwanza ndipo afikiriwe kazi au shule, na wengi wamezeekea kwenye hicho "kwanza". Tangu miaka ya 1990 imejaribiwa njia nyingine: anayetaka kazi anasaidiwa kuipata ya kawaida, yenye mshahara, mapema, huku mshauri wake akishirikiana na kliniki na kubaki naye baada ya kuajiriwa. Imepimwa katika nchi nyingi, na wanaosaidiwa hivyo hupata kazi kwa kiasi cha mara mbili hivi ya wanaongojeshwa. Yeye ameomba somo moja tu. Amejipimia vizuri kuliko mlivyompimia. Mjulisheni daktari, na ninyi wawili mwandike kwenye karatasi dalili zake za hatari: usiku wa pili bila usingizi, karatasi dirishani. Zikionekana, mmekubaliana tangu mapema nani anaitwa. Akifeli, amefeli mtihani, kama watu wengine wanavyofeli.

Mama atakataa tena. Usishindane naye. Mama huyu alimwona mwanawe akitoka mtihanini akiwa mtu mwingine, na hajapona siku ile. Mwambie kwamba unaogopa pia, kisha umwombe miezi mitatu ya kujaribu.

Kuhusu kuchelewa: ndiyo, kuwahi kunasaidia, na anayesoma hapa huku kijana wake ameanza kuziba madirisha asingoje. Lakini usijitese. Huko Marekani, katika mradi mkubwa wa vijana waliougua kama yeye uliotangazwa mwaka 2015, nusu yao walikuwa wameugua zaidi ya wiki 74 kabla ya tiba inayofaa. Ninyi mlichelewa kama walivyochelewa watu wasio na hesabu, kwa kuwa ugonjwa huu huanza ukifanana na ujana.

Mwili wake pia unanitia wasiwasi kuliko ulivyouandika. Wenye magonjwa mazito ya akili hufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na wengi huuawa na moyo, kisukari na sigara. Kliniki wampime uzito, shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu. Akitaka kuacha sigara, daktari ajue kabla, kwa sababu kiwango cha baadhi ya dawa hizi mwilini hupanda mtu anapoacha kuvuta.

Wanao ni wapwa zake, na hatari yao imezidi ya watoto wengine kidogo tu. Walio wengi mno katika hali yao hawaugui. Yeye mwenyewe akija kupata mtoto, uwezekano ni kama 1 kwa 10, ukilinganisha na 1 kwa 100 kwa watu wa kawaida. Mumeo naye alichouliza ni halali, usikichukulie kama kufukuza. Mweleze mpango huu, mpe sehemu ndani yake. Huenda akawa ndiye mtu wa kwanza wa kumkabidhi shemeji yake ufunguo.

Anzeni na ufunguo huo, wa mchana. Na kliniki ijayo, nenda naye ukae pembeni. Daktari akiuliza analalaje, usijibu. Atakawia. Utasikia watu wa foleni wakikohoa nje na ulimi utakuwasha. Mwache atafute maneno yake.

Shangazi